Maji Yakishuka Usikimbilie Mchanga: Jinsi ya Kuufufua Uwanja Kabla Ligi Haijaanza

Leo naomba tuongee kitu ambacho kila mtu wa Pwani anakijua kwa macho lakini wachache tunakijua kwa undani: uwanja wa mpira uliomezwa na mafuriko, na ligi inakaribia. Nimeamua kuandika kwa sababu sisi wenyewe, vijana wa mtaa mmoja hapa Kibaha, tuliwahi kulivuruga hili jambo vibaya sana. Bora mjifunze kwetu kuliko mjifunze kwenye goti la mtu.

Ilikuwa mwaka 2024. Mnakumbuka masika ile. Ilitanguliwa na vuli ya El Nino iliyomwaga mvua kuanzia mwishoni mwa 2023, halafu Aprili 2024 hapa hapa mkoani kwetu Rufiji na Kibiti zikaenda na maji. Waziri Mkuu Majaliwa aliliambia Bunge mwezi huo kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini. Ukilinganisha na hayo, uwanja wetu wa mtaa ulikuwa jambo dogo. Lakini ndo uwanja pekee tulionao. Watoto wa darasa la tatu wanauchezea, mabinti wa netiboli wamechora kiwanja chao pembeni, na timu yetu inafanyia mazoezi pale pale.

Maji yalikaa kama siku tisa. Yaliposhuka, nusu ya uwanja ulibaki umefunikwa tope zito la rangi ya chai ya maziwa. Sisi tukafanya kile ambacho kila mtu hufanya: tukachanga hela, tukaleta tripu nne za mchanga, tukamwaga juu ya tope, tukasambaza kwa reki, tukapiga picha. Uwanja ukapendeza kinoma. Wiki moja baadaye tukaanza kucheza. Wiki ya tatu beki wetu wa kushoto akakimbilia mpira pembeni, mguu ukapita kwenye mchanga ukanasa kwenye tope chini yake, mwili ukaenda mbele, goti likabaki nyuma. Alikuwa aende majaribio kwenye timu moja mwezi uliofuata. Hakwenda.

Mzee mmoja wa mtaani, ambaye zamani alikuwa anatunza viwanja, alituita siku ile akatuambia: "Wanangu, maji hayakuuharibu uwanja huu. Mmeuharibu nyie baada ya maji kuondoka." Nilimwambia, "Mzee, si tulitaka kuuwahisha?" Akajibu, "Ndo hapo hapo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata na daftari, na haya ninayoyaandika mengi ni yake, mengine nimesoma.

KWANZA, ELEWA MAJI YAKO NI YA AINA GANI

Kibaha na Kisarawe ni majirani, zote ziko Mkoa wa Pwani, lakini maji yake yanaharibu uwanja kwa namna mbili tofauti kabisa.

Ukishuka huku Mlandizi, kuelekea bonde la Mto Ruvu, ardhi imelala na udongo mwingi ni mzito, wa mfinyanzi. Huko ndiko ulipo Uwanja wa Mabatini, ambao wapenzi wa ligi wanaukumbuka kwa sababu Ruvu Shooting walikuwa wakiutumia kama nyumbani kwao kabla ya kushuka daraja msimu wa 2022/23. Kwenye ardhi ya namna hii maji yanakuja taratibu na yanakaa. Nayaita maji ya kukaa. Yakiondoka yanaacha tope.

Ukipanda Kisarawe, kwenye milima ya Pugu, mambo ni kinyume. Huko ni vilima, na mvua ikipiga maji hayakai, yanakimbia. Nayaita maji ya kupita. Yanachimba makorongo, yanabeba udongo wa juu wenye rutuba na kuacha mawe na udongo mgumu. Nilikwenda kuona uwanja wa shule moja kule mwaka 2025: korongo lilikuwa limekata kutoka kona moja hadi karibu na duara la kati, unaweza kulala ndani usionekane.

Na hayo maji ya Kisarawe hayaishii Kisarawe. Mto Msimbazi unaanzia kwenye milima hiyo hiyo ya Pugu, unakatiza Dar es Salaam kama kilomita 35, unapita Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salender. Sasa Jangwani kuna nini? Kuna makao makuu ya Yanga na uwanja wao wa Kaunda. Mvua kubwa ikinyesha, bonde lote lile linajaa. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waathirika wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kwa miaka mingi uwanja wa Kaunda umekuwa ukijaa maji na mchanga wa mto, na klabu kubwa kama ile ikalazimika kufanyia mazoezi sehemu nyingine. Tangu 2021 wamekuwa Avic Town, Kigamboni.

Kwa hiyo ukiona mtu anajaza kifusi uwanjani bila kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, mwambie hata Yanga wana mashabiki mamilioni na bado mto hauwajui.

PILI, HESABU KIDOGO (USIKIMBIE)

Uwanja wetu una urefu wa mita 90 na upana wa mita 60. Hiyo ni mita za mraba 5,400. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa masika si ya ajabu, ikinyesha juu ya eneo hilo inaleta lita 270,000. Yaani simtanki 270 za lita elfu moja moja, zimemwagwa juu ya uwanja kwa usiku mmoja, bado hujahesabu maji yanayoingia kutoka barabarani na kwa majirani.

Sasa tope. Tuseme nusu ya uwanja imefunikwa na tope la sentimita 3. Hizo ni mita za ujazo 81. Toroli la kawaida linabeba kama lita 60, kwa hiyo ni toroli 1,350. Inatisha, lakini mkiwa watu 30 kila mmoja anabeba 45. Mkigawa kwenye Jumamosi nne, ni kama toroli 11 kwa mtu kwa siku. Inawezekana kabisa. Sisi mwaka 2024 tuliona aibu kuhesabu, tukaona haiwezekani, tukaficha tope chini ya mchanga.

Na ule mchanga wetu? Tipa moja ilibeba kama mita za ujazo 7. Tripu nne ni 28. Ukizisambaza kwenye uwanja mzima unapata unene wa milimita 5. Yaani unene wa daftari! Tulidhani tumejenga uwanja kumbe tumeupaka poda.

TATU, KWA NINI MCHANGA JUU YA TOPE NI MTEGO

Hapa ndo penye siri, naomba msome taratibu.

Tope la mafuriko ni chembe ndogo sana za udongo. Zikikauka zinashikana kama tofali bichi, hewa haipiti, maji hayapiti. Nyasi zilizo chini zinakosa pumzi zinakufa. Ukiweka mchanga juu, mvua inayofuata inapita haraka kwenye mchanga, inafika kwenye tope, inagonga mwamba. Inakaa pale katikati. Juu panaonekana pakavu, chini pameloa na panateleza. Ndo maana mguu wa beki wetu ulizama.

Kuna wanaosema basi changanya mchanga na udongo wa mfinyanzi. Nao pia waangalie. Mchanga kidogo ukichanganywa na mfinyanzi mwingi unatoa kitu kigumu kuliko vyote viwili. Muulize fundi anayefyatua matofali ya kuchoma. Ili mchanga ubadilishe tabia ya ardhi inabidi uwe mwingi kuliko mfinyanzi wenyewe, na hapo unazungumzia tripu kwa makumi.

NNE, KAZI YENYEWE HATUA KWA HATUA

Usalama kabla ya yote. Kama uwanja una taa, pampu au nyaya, usiingie majini mpaka umeme ukatwe na fundi athibitishe. Pili, maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo vya watu. Vaa buti na glavu, usiingie ukiwa na kidonda, nawa kwa sabuni. Mwaka 2022 Homa ya Mgunda ililipuka mkoani Lindi na kuua watu watatu. Ugonjwa ule unasambazwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, kupitia maji na udongo uliochafuliwa. Pia mpite mkiwa mmejipanga mstari, mkiokota chupa, misumari na mabati. Fanyeni mara mbili. Tope likikauka linatoa vitu vipya.

Yapatie maji njia ya kutoka. Kabla hujagusa tope, tafuta sehemu ya chini kabisa ya uwanja na uchimbe mtaro kutoka hapo kuelekea kwenye mfereji au bonde la asili. Huna mashine ya kupimia? Tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ujaze maji, kama mafundi wanavyopima msingi. Maji ya kwenye mpira hayadanganyi. Na angalizo: usielekeze mtaro kwa jirani. Ukimhamishia jirani mafuriko yako, msimu ujao atakuhamishia kesi.

Subiri. Hii ndo hatua ngumu kuliko zote kwa vijana. Udongo ukiwa umeloa chapachapa, kila hatua ya mguu na kila gurudumu linaukandamiza na kuziba vitundu vya hewa. Chukua udongo kiganjani, ufinye uwe donge, halafu uguse kwa kidole. Likivunjika vipande, ingia kazini. Likibonyea kama ugali, rudi nyumbani.

Toa tope. Tumia machepe na toroli, na pitisha toroli juu ya mbao ili lisichimbe mifereji. Nyasi zetu nyingi huku ni ukoka, na ukoka ni mbishi. Una mizizi na vikonyo vinavyotambaa chini na juu ya ardhi, kwa hiyo ukikuta tope jembamba, chini ya inchi moja hivi, ukalikwangua kwa reki na kulisafisha kwa maji, nyasi zinaweza kupenya zenyewe. Tope nene zaidi ya hapo lazima litoke lote.

Toboa ardhi. Chukua uma wa shambani, zamisha meno kama sentimita 10, tikisa kidogo, chomoa, sogea hatua fupi, rudia. Huna uma? Nondo zilizochongwa ncha zinafanya kazi. Inachosha lakini ndo inarudisha hewa chini. Baada ya kutoboa ndo mchanga unaruhusiwa sasa, kidogo kidogo, ukisukumwa uingie kwenye matundu. Hapo mchanga ni dawa. Tofauti yake na tulichofanya 2024 ni kwamba sasa una pa kuingia.

Pima kama ardhi inakunywa. Chimba shimo la futi moja, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena, weka saa. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, ardhi yako haivuti, na hakuna nyasi itakayokuokoa. Hapo inabidi uchimbe mitaro ya chini kwa chini: unachimba, unaweka kokoto, bomba lenye matundu kama hela ipo, unafunika kwa mchanga juu.

Rudisha mgongo. Uwanja mzuri wa nyasi haulali kama meza. Katikati umeinuka kidogo ili maji yateremke pembeni. Kwa uwanja wa upana wa mita 60, kutoka katikati hadi mstari wa pembeni ni mita 30. Mteremko wa asilimia moja ni sentimita 30 tu. Mchezaji hausikii, maji yanausikia.

Panda mapengo. Magolini na katikati ndo kunakufa kwanza. Chimba ukoka kutoka pembeni mwa uwanja ambako haujafa, katakata vipando, panda kwa kuachanisha kama sentimita 15. Bahati mbaya Juni na Julai kwetu ni kipupwe, mvua hakuna na ubaridi unaufanya ukoka ukue pole pole. Lazima umwagilie. Mapengo ya mita za mraba 300 yanahitaji kama lita 1,500 kwa siku, yaani ndoo 75 za lita 20. Inachekesha ukifikiria kwamba Dar es Salaam inakunywa maji yanayosafishwa pale pale Mlandizi, kwenye mtambo wa Ruvu Juu, na sisi tulio jirani na mtambo tunapanga zamu ya ndoo. Lakini zamu ilifanya kazi.

Na kule kwenye maji ya kupita, Kisarawe? Huko kabla ya kujaza korongo, panda juu ya uwanja uchimbe kinga maji: mtaro unaokata mlima kwa ubavu ili maji yazungukie pembeni badala ya kuteremkia uwanjani. Ukijaza korongo bila kinga maji, umewapa maji udongo laini wa kubeba msimu ujao. Jaza kwa matabaka, kila tabaka shindilia, mwisho weka udongo wa juu wenye rutuba na upande nyasi. Ukingo wa mtaro panda majani yenye mizizi mirefu kama vetiva. Na ukiyapunguza mbio maji kule juu, unamsaidia hata mtu wa Jangwani usiyemjua.

TANO, KALENDA

Masika inaisha mwishoni mwa Mei. Ligi Kuu kwa kawaida huanza Agosti, mfano 2023 na 2024 ilianza katikati ya Agosti, ingawa ya 2025/26 ilisogea hadi Septemba. Mashindano mengi ya mitaani nayo yanafuata humo humo. Kwa hiyo una kama wiki 11. Zigawe hivi: wiki mbili za kutoa maji na kusubiri, wiki mbili za tope, wiki moja ya kutoboa na kusawazisha, siku chache za kupanda, halafu wiki tano za kumwagilia BILA KUCHEZA, na wiki ya mwisho ya kufyeka na kuchora mistari.

Hizo wiki tano ndo zinazoibiwa. Kila mtu anaona nyasi za kijani anasema tucheze kidogo tu. Shule nazo zina presha yake, maana UMISSETA na UMITASHUMTA huwa yanaangukia katikati ya mwaka, kipindi ambacho ardhi bado inapumua kwa shida. Ushauri wangu: tafuteni kiwanja cha vumbi cha kuazima, hata nusu uwanja, lakini ule mliopanda ufungeni kwa kamba.

Msidhani ni shida ya uswahilini tu. Mei 2025 Simba walitakiwa kucheza fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane kwa Mkapa, uwanja wa watu 60,000 uliofanyiwa ukarabati mkubwa 2023. CAF haikuridhika na hali ya uwanja msimu ule wa mvua, mechi ikapelekwa Amaan, Zanzibar, tarehe 25 Mei, ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Halafu tarehe 2 Agosti, Mkapa huo huo ulifungua CHAN, Taifa Stars wakaichapa Burkina Faso 2-0. Hesabu hapo katikati: siku 69. Karibu wiki kumi. Ni dirisha lile lile la mtaani kwetu!

Na duniani je? Desemba 2015 uwanja wa Carlisle United, Uingereza, ulifunikwa na maji mpaka karibu na mwamba wa goli. Timu ikacheza mechi za nyumbani kwenye viwanja vya wenzao, na Januari 2016 wakarudi kwenye nyasi mpya kabisa. Mei 2024 mjini Porto Alegre, Brazil, mafuriko yalimeza viwanja viwili vikubwa kwa mpigo. Internacional walirudi kwao Julai, Grêmio wakasubiri mpaka Septemba. Mji mmoja, mafuriko yale yale, na bado kila uwanja ulikuwa na saa yake. Wenzetu wana hela ya kuleta nyasi zilizoota tayari, zinafunguliwa kama mkeka. Hela inanunua muda. Sisi hatuna hela, tunalipa kwa subira.

SITA, JE UWANJA UKO TAYARI?

Kwa sheria za mpira, mwenye neno la mwisho ni refa. Lakini msimsubiri refa. Siku mbili kabla ya mechi, tembea na mpira. Uangushe kutoka usawa wa kifua sehemu kumi tofauti: ukibaki chini kama gunia, hapo hapafai. Uviringishe: ukikwama, kuna maji. Halafu piga kisigino kwa nguvu, zungusha mwili. Kisigino kikizama au kikiteleza na ngozi ya nyasi ikachomoka, bado. Viwanja vya ligi vimewahi kufungiwa kwa sababu ya ubovu, kwa hiyo kuahirisha mechi ya mtaa si aibu.

Sisi mwaka 2025 tulifanya hivi hivi. Masika ikajaa tena, nusu ile ile. Safari hii tulitoa tope toroli kwa toroli, wamama wa mtaa walituletea uji, na kuna watu walitucheka kwamba tunalima badala ya kucheza mpira. Tulikosa mashindano mawili ya Julai. Ada ya moja tulikuwa tumeshalipa, haikurudi. Mwezi Agosti tulicheza mechi ya kwanza, tukafungwa 3-1, na hakuna aliyeumia.

Beki wetu wa kushoto alikuwepo. Goti linampa shida akikimbia, hachezi tena, lakini zamu ya kumwagilia alikuwa anaikagua yeye, na ole wako ukwepe ndoo zako. Kabla ya mechi ndo yeye aliyepita na ule mpira wa kuangusha, sehemu kumi, kona ile ya kwake akaangusha mara tatu. Kisha akamgeukia yule mzee akamwambia, "Shikamoo mzee. Nadhani uko sawa." Mzee akaitika marahaba, akapiga kisigino chini, akatingisha kichwa kwamba ndiyo.

Mwenye uzoefu wa Ruvu, Kisarawe, au popote maji yanapokaa, atuambie alivyofanya. Kama kuna sehemu nimekosea hesabu, nisahihisheni. Masika haichelewi.

Naomba kuwakilisha.